Mkono wa Mama Linda

Ukimpa Eucabeth ndizi mbivu, ataigeuza kwanza aone upande wa pili, kisha akuulize mbona hukuila wewe. Ndivyo alivyo. Nimemjua miaka mingi, na mpaka leo nikimkaribisha dukani kwangu hukitikisa kiti kabla ya kukikalia.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumapili, Probox iliposimama mbele ya duka langu mjini Kisii, sikushangaa kumkuta kiti cha nyuma, mkoba ameushika kwa mikono miwili, macho yananingoja.

"Mama Jibril," akaniambia nikiingia, hata sijafunga mlango wa gari, "hii safari ni ya nani?"

"Ni yetu sisi watatu."

"Nauliza nani alianza. Mwalimu anasema ni wewe ulitaka kuona mawe ya Tabaka. Wewe utasema ni nani?"

Nikamtazama Gladys, aliyekaa mbele kando ya dereva. Gladys alikuwa anatazama nje ya dirisha kama mtu ambaye hajawahi kuuona mji wa Kisii.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeishi hapa tangu niolewe na sijawahi kufika Tabaka. Ni aibu."

"Miaka yote hiyo hukuona aibu. Leo ndio umeona."

Nikafunga mlango. Ukijibizana na Eucabeth mapema hivyo, siku yote inaisha.

Sisi watatu hatufanani hata kidogo, na nadhani ndiyo sababu tumedumu. Gladys ni mwalimu mstaafu wa Sironga, Mkatoliki, na siku ile alikuwa tayari ameshatoka misa ya kwanza. Eucabeth ni Msabato wa Ekerenyo. Amechuma majani ya chai maisha yake yote na hajawahi kuinywa, kwa sababu kanisani kwao hawaipendi, na zaidi kwa sababu anajua, asema, watu wanachoweka ndani ya magunia. Mimi ni Dahabo, muuza nguo, niliyeletwa Kisii na mume wangu kutoka Isiolo nikiwa msichana. Tunaongea Kiswahili kwa ajili yangu. Wakitaka kunificha jambo wanarudi kwa Kigusii. Nami nikipigiwa simu na dada yangu, nikaongea Kisomali, Eucabeth hungoja nimalize kisha aseme, "Nimesikia umetaja jina langu."

Tulijuana kwa sababu ya leso. Alikuja kununua, akalipa, kisha akatoa kwenye mkoba tepu ya fundi cherehani na kuipima leso juu ya kaunta, mbele ya wateja. Ikatokea ndefu kidogo kuliko nilivyosema. Mtu mwingine angefurahi. Eucabeth aliinua macho akaniuliza, "Mbona umeniongezea? Unataka nini kwangu?" Gladys, aliyekuwa anachagua kitambaa cha pazia, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo wakija mjini lazima wapitie kwangu.

Lakini usimcheke haraka. Mume wake, Nyangate, alipofariki, shemeji yake alikuja kuomboleza akiwa amebeba sukari. Matanga hayajaisha, miti ya mpakani ikawa imehama, imeingia ndani ya chai ya mjane. Eucabeth alikwenda kwa chifu, akaenda kwa wazee, akaenda mahakamani peke yake na viatu vya mvua, mpaka akarudishiwa mistari yake yote ya chai. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo mtu akimletea sukari, yeye hutoka kwanza kwenda kuangalia mpaka.

Ubaya ni kwamba hasara ya tabia hiyo ilimwangukia mtoto. Eucabeth ana binti mmoja tu, Linda. Kijana wa kwanza aliyemtaka Linda aliitwa Nyasani, wa kutoka Kenyenya, na alisema anafanya kazi ofisini huko. Eucabeth akafunga safari. Akauliza ofisini, akauliza sokoni, akauliza kanisani, akamuuliza hata fundi wa viatu. Kila alichosema Nyasani kilikuwa kweli tupu. Ila alipopata habari kwamba kuna mama anazunguka mji akimchunguza kama mwizi wa ng'ombe, alimwambia Linda kwamba yeye hataoa kituo cha polisi. Linda akafunga mzigo wake, akaenda Tabaka kuuza vinyago kwenye duka la kikundi cha akina mama, na simu zake nyumbani zikapungua mpaka zikawa za Krismasi.

Sasa alikuwa amepata mwingine. Huyu aliitwa Duke Nyakundi, mchongaji wa mawe hukohuko Tabaka, na Linda alikuwa na mimba yake. Hakumwambia mama yake. Alimpigia Gladys, aliyemfundisha shuleni, akamwambia waziwazi: "Mwalimu, mama akimfukuza huyu pia, mimi sirudi Ekerenyo. Mtoto atazaliwa na yeye atasikia kwa watu."

Gladys alikuja dukani akaniambia yote, akalia kidogo, kisha akapata akili ya kiualimu. Wagusii wana adabu wanayoiita chinsoni. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawakai benchi moja, hawatazamani usoni, na mmoja hawezi kuingia chumba anacholala mwenzake. Si chuki, ni heshima, na kadiri heshima ilivyo kubwa ndivyo umbali ulivyo mkubwa.

"Mama Linda haamini kitu hajakagua," Gladys akasema. "Na huyu akishatambulishwa kama mkwe, hataweza kumkagua tena. Sasa tumpeleke amwone kabla hajajua ni nani. Tunaenda kutembea tu, kuangalia sanaa. Amwone kijana akifanya kazi, aongee naye, ampende, halafu ndio tumwambie."

"Na asipompenda?"

Gladys akachukua mkoba wake akaondoka. Ndiyo maana siku ile, nikiwa kwenye Probox na sambusa zangu mapajani, sikuwa na raha hata kidogo. Hatima ya mtoto mmoja na mjukuu wa kwanza imepandishwa gari, na mama mwenyewe ndiye peke yake asiyejua. Au ndivyo tulivyodhani.

Tabaka kuna vumbi jeupe. Limelala juu ya migomba, juu ya mabati, hata kuku wanaonekana kama wametoka kusaga unga. Jumapili wengi hupumzika, lakini mabanda ya kando ya barabara hufunguliwa baada ya ibada kwa ajili ya wageni. Wanaume walikuwa wanapasua mawe kwa panga na kuyachonga kwa visu, vipande laini vinaanguka kama maganda ya viazi. Akina mama walikuwa wamezunguka mabeseni ya maji, wanasugua vinyago kwa msasa, wanaongea na kucheka. Jiwe likitoka kwenye maji linang'aa, la waridi, la kijivu, jeupe kama maziwa. Mimi nilisahau shida zote kwa muda. Nilishika bakuli, nikashika sahani, nikashika samaki aliyekunjwa mkia. Nimeshika vitambaa maisha yangu yote na sikujua jiwe linaweza kuwa laini vile.

Eucabeth yeye alitoa sarafu kwenye mkoba akawa anagonga kila kinyago na kutega sikio.

"Unasikiliza nini?" nikamuuliza.

"Kama kuna uongo ndani."

Akafika kwenye safu ya vifaru, akasimama.

"Nani hapa amewahi kuona kifaru?" akawauliza wachongaji watatu kwa mpigo. Wakatazamana. "Sasa mnachonga aje kitu hamjaona?"

"Wazungu wanapenda, mama," mmoja akasema.

"Na wao wakitaka malaika mtachonga?"

"Tunao, mama. Wako hapa nyuma."

Gladys akamvuta mkono. "Mama Linda, ni sanaa. Furahia tu."

"Nafurahia," akasema Eucabeth kwa uso wa mtu anayesubiri hukumu. "Mbona unanivuta kuelekea huko? Haya mabanda mengine hayana sanaa?"

Kwa sababu kweli Gladys alikuwa anamvuta. Banda la Duke lilikuwa la mwisho, chini kidogo ya barabara, na nyuma yake kulikuwa na chumba cha mabati chenye pazia mlangoni. Linda alikuwa ndani ya chumba hicho. Tulikubaliana akae kimya mpaka aitwe.

Duke alikuwa kijana mrefu mwembamba, nywele zimejaa vumbi. Hachongi vifaru. Banda lake lilikuwa na ng'ombe, ng'ombe wetu hawa wenye nundu, mmoja pembe imepinda, mwingine anajilamba ubavuni, na mama mmoja wa jiwe la kijivu aliyebeba kikapu cha majani ya chai mgongoni, kiuno kimeinama kidogo kama cha mtu aliyechoka. Nikaona macho ya Eucabeth yamesimama kwa yule mama. Akayaondoa haraka, asije akaongezewa bei.

"Karibuni, akina mama," Duke akasema. Akamsogelea Gladys, na kwa kuwa viganja vilikuwa na vumbi akampa kifundo cha mkono, kama wafanyavyo watu wa kazi. Mimi nikaweka mkono kifuani, naye akainama vizuri. Kisha Eucabeth akatoa mkono wake, mkono mzima, wa kanisani.

Duke akaficha mikono yake yote miwili mgongoni. Akarudi nyuma hatua moja, akaingia kwenye beseni la maji, likapinduka na ng'ombe wawili ndani yake.

"Mikono ina vumbi, mama," akasema akitazama chini.

"Ya Mwalimu haikuwa na vumbi?"

Duke akainama kuokota ng'ombe wake.

Gladys akafumba macho. Mimi nilikasirika. Nilijua habari za chinsoni, lakini nilidhani huanza ng'ombe wa mahari wakishafika nyumbani kwa mke, tena si alikuwa ameambiwa ajifanye muuzaji tu? Muuzaji gani anamnyima mteja mkono? Moyoni nikasema, huyu kijana ana kiburi, na pengine Eucabeth ana haki ya kuwashuku watu.

"Kuna kitu," Eucabeth akaninong'oneza. "Muuzaji anaogopa mteja? Kuna kitu ameficha."

Ningemjibu, lakini wakati huohuo niliona kamba ya nguo nyuma ya banda. Katikati ya mashati ya Duke ilikuwa imeanikwa leso ya kijani yenye maua ya korosho. Niliijua leso ile kama ninavyomjua mwanangu. Ndiyo ileile iliyopimwa kwa tepu juu ya kaunta yangu, ambayo Eucabeth alimpa Linda. Nikajisogeza polepole mpaka nikasimama katikati ya Eucabeth na ile kamba, nikaupanua mtandio wangu kama pazia. Jua lilikuwa linanichoma usoni, nami nikawa natabasamu kama mjinga.

Eucabeth alikuwa ameshika bakuli jeupe lenye mshipa wa waridi. Akaligonga kwa sarafu, akalisikiliza, akaligonga tena.

"Hii ni ngapi?"

Duke akamgeukia Gladys. "Mwalimu, mwambie mama hiyo asichukue. Iko na ufa. Nimeiziba na unga wa mawe na gundi. Akiweka uji moto itafunguka."

Bakuli lilikuwa zuri, na ule ufa hata mimi niliyelikaribia sikuuona. Eucabeth akaligeuza upande wa pili, akapitisha ukucha, akalirudisha mezani.

"Mwalimu," akasema, "kwani mimi niko Nairobi? Mbona anaongea na wewe na mimi nimesimama hapa?"

"Ana haya, Mama Linda. Vijana wa siku hizi."

"Vijana wa siku hizi hawana haya. Na muuzaji anakataza mtu kununua? Umewahi kuona wapi?" Akamtazama Gladys, akanitazama mimi na mtandio wangu uliopanuka, akalitazama dirisha dogo la chumba cha mabati kwa muda mrefu. "Nyinyi mnanificha nini?"

"Hakuna," tukasema pamoja, na mkisema pamoja mmekwisha.

Aliyetuokoa ni mzee Onsongo. Kwenye hoteli ndogo ya chai, hatua chache kutoka banda lile, alikuwa ameanza kukaza nyuzi za obokano, kile kinubi kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi nane, ambacho mpigaji hukilaza mbele yake kama ndama. Gladys alimwita mahsusi kwa siku ile. Sauti ya obokano si ya masikio tu. Inanguruma chini, inaingia kwenye benchi, inakupanda tumboni. Tukaenda kukaa. Gladys akaagiza chai, Eucabeth maziwa ya moto baada ya kuuliza ng'ombe ni wa nani, nami nikafungua sambusa zangu.

Mzee Onsongo akaimba juu ya bwana mmoja aliyeuza shamba akanunua kofia. Watu wakacheka. Akaimba juu ya mama anayepanda kilima na kuni, na mguu wa Eucabeth ukaanza kupiga sakafu. Halafu nikaona kitu sijawahi kukiona. Eucabeth aliweka mkoba wake chini. Akaanza kuitikia ule wimbo, kwa sauti nyembamba safi, macho ameyafumba.

"Nyangate alikuwa anatembea kwa mguu mpaka Nyamira kusikiliza hii," akaniambia wimbo ulipokwisha. "Nikimwambia unapoteza siku, anasema siku ni zake." Akacheka. Uso wake ulikuwa wa msichana. Nilimpenda sana saa ile, na nikaona uchungu kwamba tunamdanganya.

Duke alikuwa amekuja pia. Alibeba kigoda akakiweka karibu na Eucabeth aweke miguu, akakiweka chini kimyakimya kama anayemwachia paka chakula, akaondoka mbio.

"Kijana," Eucabeth akamwita, "kuja ukae hapa kwa benchi."

"Niko sawa huku, mama."

"Nafasi iko."

"Niko sawa."

Akaenda kukaa juu ya jiwe mbali, ametugeuzia ubavu. Eucabeth hakumwita tena, lakini hakumwacha pia. Alimtazama alivyompelekea mzee Onsongo maji kwa mikono miwili. Akatazama viatu vyake. Akatazama alivyowasalimu watu wazima waliopita, mmoja mmoja, wote kwa kifundo cha mkono. Wote isipokuwa yeye. Uso wake ulikuwa umefungwa tena, na mkoba umerudi mapajani. Nikajua tumeshindwa. Nilimwona Linda akilini mwangu akijifungulia mbali, na huyu rafiki yangu akitandika na kutandua nyumba isiyo na mtu.

Sikuweza kuvumilia. Nikajifanya nakwenda kunawa, nikamzungukia Duke nyuma ya hoteli.

"Wewe kijana, una kichwa kigumu namna gani? Mama amekupa mkono ukaukataa. Amekuita benchi ukakataa. Unataka akuone mwizi?"

"Mama, siwezi," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilijaribu. Mwalimu aliniambia nijifanye sijui. Lakini ni mama ya Linda. Mkono umekataa tu wenyewe."

"Hamjatambulishwa bado."

"Najua ni nani. Hiyo ni noma, mama."

"Noma ni mtoto wako asiyemjua nyanya yake," nikamwambia kwa ukali. "Tukiaga, utampa mkono kama mtu. Umesikia?"

Akakubali kwa kichwa. Nikarudi nikijipongeza, maana nilidhani nimeokoa siku.

Jua lilipoanza kulegea tukarudi bandani kuaga. Dereva alikuwa amewasha gari. Mzee Onsongo alikuwa bado anapiga nyuzi zake huko nyuma, polepole. Gladys alinunua samaki, mimi nikanunua sahani. Eucabeth hakununua kitu. Alisimama mbele ya yule mama wa jiwe mwenye kikapu, mikono ameikunja.

Duke akatoka nyuma ya meza. Alikuwa amenawa mpaka viwiko. Alitembea kama mtu anayepelekwa kwa daktari wa meno, akasimama mbele ya Eucabeth, akanitupia jicho mimi, akatoa mkono wa kulia.

Gladys aliuona akashika kinywa. Sikuelewa kwa nini.

Eucabeth akautazama ule mkono. Kisha akaingiza mkono wake ndani ya leso aliyojifunga, akauficha kabisa, akarudi nyuma hatua moja, nyingine, mpaka akafika nje ya banda. Akampa kijana mgongo.

Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi kwa kilio. Amemkataa, nikasema moyoni, tena mbele ya watu, na ni mimi niliyemsukuma.

"Mwalimu," Eucabeth akasema akitazama barabara, "mwambie huyu kijana aweke mkono wake chini. Siku yote amenionyesha adabu, sasa jioni ndio anataka kunishika? Baba yake akija na ng'ombe nitamtazama na uso gani?"

Duke akaushusha mkono haraka.

"Ulijua," nikasema.

"Mtu anaweza kukataa mkono wangu kwa mambo mawili. Anichukie, ama aniheshimu. Nikakaa nikamwangalia ni gani." Bado alikuwa ametugeuzia mgongo. "Na wewe Mama Jibril, umesimama mbele ya leso yangu mpaka umeungua uso. Na kwa dirisha kuna sahani ya odowa imeng'atwang'atwa. Huyo kijana ndio anakula odowa?"

Odowa ni yale mawe laini ambayo wajawazito hutamani kutafuna. Sahani ilikuwa pale dirishani wazi, na sisi wawili, wenye akili za kupanga, hatukuiona.

"Tena mmenichosha," Eucabeth akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika. "Wote mnajua, mimi ndio sijui. Mnanileta kama ng'ombe wa kuogeshwa kwa dipu. Ni kwa sababu ya yule wa Kenyenya. Najua. Yule nilimkosea, na nilimkosea Linda zaidi. Lakini mngeniambia."

Pazia likafunguka. Linda alitoka, tumbo mbele, uso umelowa. Akasimama asijue kama amkimbilie au akae pale.

"Mama, ningekuambia ungeenda kuuliza sokoni."

"Ningeenda," Eucabeth akakubali. Hapo ndipo alipogeuka, akamtazama binti yake kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anavyotazama kila kitu. Kisha ule mkono uliofichwa ukatoka ndani ya leso, ukamshika Linda shingoni, ukamvuta. "Kila Ijumaa, kabla ya Sabato, natandika kitanda chako," akasema. "Kila Ijumaa. Unaniachia mashuka bure."

Linda akalia kwa sauti. Gladys naye akalia. Mimi nikamlaumu mzee Onsongo na obokano yake, nikajipangusa na mtandio.

Walipoachana, Eucabeth alikuwa ameshakuwa yeye tena. "Hiyo odowa upunguze," akamwambia. "Na hiyo leso imepauka. Mama Jibril, utachagua ingine, kubwa, ya kubebea mtoto. Nitakuja kuipima." Kisha akamwambia Gladys amwulize mwenye banda yule mama wa kikapu ni bei gani. Gladys akauliza. Duke, kutoka ndani, akamwambia Gladys amwambie mama kwamba huyo hauzwi, alichongwa kwa maneno ya Linda, na anangoja kupelekwa Ekerenyo na wazee. Eucabeth akamwambia Gladys amwambie kwamba amesikia, na kwamba kikapu kimekaa chini sana mgongoni, mchumaji halisi hawezi kukivaa hivyo, akirekebishe kabla ya kuja.

Tukapanda kwenda kwenye gari. Linda alitusindikiza, amemshika mama yake mkono, na ghafla akaanza kucheka huku machozi hayajakauka. Nikageuka kuona anacheka nini. Duke alikuwa ametoka bandani ili atuone tukiondoka, lakini Eucabeth naye alikuwa bado barabarani, kwa hiyo kijana alikuwa amesimama pale wima, mikono mgongoni, ameutazama ukuta wa mabati. Eucabeth akainua pembe ya leso akajifunika shavu la upande ule, akapita bila kumtazama.